Mkondo wa umeme una mwelekeo, mbona sio vekta?

Hebu muulize mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye darasa la fizikia, hata kama aliliacha miaka ishirini iliyopita, tofauti ya skala na vekta ni nini. Atakujibu papo hapo: skala ina ukubwa tu, vekta ina ukubwa na mwelekeo. Sentensi hiyo imeganda vichwani mwa watu kama wimbo wa chekechea. Sasa mtupie swali la pili, mkondo wa umeme ni skala au vekta? Hapo ndo utamwona anaanza kujikuna, maana mkondo una ukubwa, ampea 3, ampea 5, na mwelekeo pia unao, si tunauchorea mshale kabisa kwenye saketi, unatoka chanya unaelekea hasi. Kwa sentensi aliyoikariri mwenyewe hiyo ni vekta, haina ubishi. Halafu afungue kitabu chochote akute kimeandikwa ni skala.

Mi nasema kosa sio la mwanafunzi. Kosa ni la ile sentensi. Sio kwamba ni uongo, ila ni nusu ya habari, na bahati mbaya nusu iliyokatwa ndo yenye kazi. Mwelekeo peke yake hauifanyi kitu kuwa vekta. Kinachoifanya vekta iwe vekta ni jinsi inavyojumlishwa na mwenzake.

Turudi kwenye umeme. Una nyaya mbili zinakutana sehemu moja, moja inaleta ampea 3, nyingine ampea 4, na waya wa tatu unatoka pale kwenye kiungo. Waya wa tatu utabeba ampea ngapi? Saba. Kunja zile nyaya ziingie kwa pembe ya nyuzi 90, ni saba. Zibananishe mpaka zikaribie kulaliana, saba tu. Zipindishe kama nyoka, bado saba. Hii ndo sheria ya Gustav Kirchhoff ya mwaka 1845, na sababu yake ni nyepesi, chaji haipotei, iliyoingia lazima itoke, na chaji haina habari na pembe ya waya wako. Kwa hiyo ule mshale kwenye mchoro wa saketi unakwambia tu umeme unaenda upande upi wa waya, kati ya pande mbili, ni kama alama ya kujumlisha au kutoa iliyovaa nguo za mshale.

Sasa chukua nguvu mbili, nyutoni 3 na nyutoni 4, zinavuta mzigo mmoja. Tatu jumlisha nne ni ngapi? Hapa huwezi kujibu mpaka ujue zinavuta kuelekea wapi. Zikivuta upande mmoja ni 7. Zikivutana, moja huku nyingine kule, inabaki 1. Zikiwa zimeachana nyuzi 90 unapata 5, ile pembetatu ya Pythagoras ya 3, 4, 5. Zikiachana nyuzi 60 unapata 6 na kidogo. Yaani jibu linaweza kuwa namba yoyote kuanzia 1 hadi 7, na hakuna aliyekosea hesabu. Hiyo ndo vekta. Mshale wake sio pambo, mshale unaingia kwenye hesabu na kubadilisha jibu.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni kimoja. Usiulize kitu kina mwelekeo au hakina, uliza hivi: nikikijumlisha na kingine cha aina yake, pembe kati yao inabadilisha jibu kwa ile kanuni ya msambamba, yaani mishale miwili ukiichora kama pande za msambamba, jumla yake ni ulalo unaotoka kwenye kona yao? Kama ndiyo, vekta. Kama hapana, achana nacho, hata kiwe na mishale mia.

Kuna atakayesema nimechagua mfano mmoja wa kunifaa. Haya, chukua simu unayosomea hapa. Ilaze mezani kioo kikiangalia juu, kichwa chake kikielekea mbali na wewe. Tutaizungusha mara mbili. Mzunguko wa kwanza, iinue kichwa mpaka isimame wima, kioo kikuangalie usoni, hizo ni nyuzi 90. Mzunguko wa pili, izungushe ikiwa imesimama hivyohivyo, robo duara kwa uelekeo wa mishale ya saa ukiwa unaitazama toka juu. Sasa hivi simu imesimama wima, kioo kinaangalia kushoto kwako. Vizuri. Irudishe kama ilivyokuwa mwanzo halafu fanya yaleyale kwa kupindua mpangilio. Kwanza ikiwa imelala mezani izungushe robo duara kama mishale ya saa, kichwa kitaelekea kulia. Halafu iinue ule upande ulio mbali na wewe mpaka kioo kikuangalie usoni. Safari hii simu imesimama kwa ubavu, kama mtu anayeangalia video, na kioo kiko mbele yako.

Mizunguko ni ileile miwili, pembe ni zilezile, ila simu imeishia sehemu mbili tofauti kabisa. Na kila mzunguko ulikuwa na ukubwa, nyuzi 90, na mwelekeo pia, yaani mhimili uliouzungukia. Kwa sentensi ya darasani hizo ni vekta mbili safi. Lakini vekta hazina tabia hiyo, kwa vekta A jumlisha B lazima iwe sawa na B jumlisha A, ukienda hatua 3 mashariki kisha 4 kaskazini au ukaanza na kaskazini ukamalizia mashariki, unafika palepale. Mizunguko mikubwa haikubali, kwa hiyo sio vekta. Kinachochekesha ni kwamba mizunguko midogo midogo sana inakubali, na ndo maana kasi ya kuzunguka, ambayo ni mzunguko mdogo ndani ya muda mdogo, tunaihesabu kuwa vekta bila wasiwasi. Mimi siku nilipofanya hili jaribio la kwanza, tena na kitabu, nilirudia kama mara tano nikidhani mkono wangu ndo unakosea.

Twende upande wa skala sasa, maana na huku kuna mtego wake. Watu wengi wakiona alama ya kutoa wanadhani wameuona mwelekeo. Joto la nyuzi −10 lina mwelekeo gani? Halina, liko chini ya sifuri basi. Chaji hasi vilevile. Kazi, kwa maana ya fizikia, inaweza kuwa hasi pale nguvu inapopinga mwendo, na bado ni skala, ni akaunti ya nishati tu, imeingia au imetoka. Presha nayo inawachanganya watu kwa sababu maji yanasukuma ukuta wa tangi kuelekea nje, kwa hiyo mtu anasema si umeona, ina mwelekeo. Hapana, mwelekeo huo ni wa ukuta. Ndani ya maji yenyewe, sehemu moja, presha ni namba moja tu na inasukuma kila upande sawasawa. Ukiweka kibao pale, kibao ndo kinaamua nguvu ielekee wapi.

Jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, na ndo lingetuokoa na ubishi mwingi, ni hili la komponenti, yaani namba zinazosema mshale umeenda kiasi gani kwenye kila mhimili. Chora mshale kwenye karatasi, kulia hatua 3, juu hatua 4. Urefu wake ni 5. Mtu atakwambia, basi vekta hii ni namba mbili, 3 na 4, na kila namba ni skala. Inaonekana sawa, sio? Sasa usiuguse mshale, wewe zungusha mihimili yako tu, mhimili wa mlalo uulaze juu ya mshale wenyewe. Komponenti sasa ni 5 na 0. Mshale haujasogea hata milimita moja, ila 3 na 4 zimeyeyuka. Kwa hiyo 3 ile haikuwa skala kamwe, ilikuwa ni kivuli cha mshale kwenye ukuta ulioujenga wewe mwenyewe, ukihamisha ukuta kivuli kinabadilika. Skala ya kweli haijali umesimama vipi. Joto la kikombe cha maji halibadiliki ukiinamisha kichwa, na masi ya jiwe ni ileile. Na ule urefu wa 5 haukubadilika, ule ndo skala halali iliyozaliwa na vekta.

Kwa mtazamo huu maana zote mbili zinanyooka bila kukariri. Skala ni namba ambayo sote tunakubaliana hata kama kila mmoja kachora mihimili yake kivyake. Vekta ni kitu ambacho namba zake zinabadilika tukibadilisha mihimili, lakini zinabadilika kwa pamoja, kwa utaratibu, kiasi kwamba kitu chenyewe kinabaki kilekile. Ukilielewa hilo hata tensa, ambazo watu wanaziogopa kama mizimu, unazikuta ni ngazi inayofuata tu ya habari hiyohiyo.

Majina yenyewe yana historia ambayo ingefaa watu waambiwe mapema. Tarehe 16 Oktoba 1843 mwanahisabati wa Ireland, William Rowan Hamilton, alikuwa anatembea na mke wake kando ya mfereji kule Dublin, akapata wazo alilolitafuta kwa miaka, namba zenye sehemu nne, kwatenioni, na kwa furaha akaichonga fomula kwenye jiwe la daraja. Baadaye ile sehemu moja iliyokuwa namba ya kawaida akaiita skala, na zile tatu zilizobaki akaziita vekta. Yaani skala na vekta walizaliwa mapacha, ni sehemu mbili za kitu kimoja, hawakuwa maadui wa kuwekwa kwenye jedwali la safu mbili kama tunavyowachora. Skala inatokana na neno la Kilatini la ngazi, na Hamilton alisema wazi kwamba namba hiyo inapanda na kushuka kwenye skeli moja kutoka hasi isiyo na mwisho hadi chanya isiyo na mwisho, kwa hiyo ule mtego wa alama ya kutoa yeye alishaumaliza tangu siku ya kubatiza jina. Vekta inatoka kwenye neno la kubeba. Ni neno hilohilo watu wa tiba wanalotumia kwa mbu anayebeba malaria, na mi napenda sana undugu huo, kitu kinachokutoa hapa kikakufikisha pale.

Waliokuja kuwatenganisha mapacha ni Josiah Willard Gibbs kule Yale na Oliver Heaviside wa Uingereza, miaka ya 1880, kila mtu kivyake. Waliona kwatenioni ni mzigo kwa mtu anayetaka kuhesabu umeme na sumaku, wakachukua kipande cha vekta na kuacha kingine. Heaviside akaziandika upya hesabu za umeme na sumaku za James Clerk Maxwell, zile zilizokuwa utitiri wa milinganyo, zikabaki nne tunazozijua leo. Wafuasi wa Hamilton walikasirika kwelikweli, Peter Guthrie Tait aliandika kwa hasira mpaka leo inafurahisha kusoma. Ila wahandisi walishachagua.

Na walichagua kwa sababu vekta inakuonyesha vitu ambavyo namba tupu inavificha. Chukua mbio. Mwaka 2020 kule Valencia, Joshua Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia. Gawanya, unapata wastani wa kama mita 6.37 kila sekunde, hiyo ni kasi, skala, na ni balaa. Lakini mita 10,000 ni raundi 25 za uwanja, alianzia kwenye mstari na kumalizia kwenye mstari uleule, kwa hiyo displesimenti yake, yaani mshale wa kutoka alipoanzia hadi alipoishia, ni sifuri, na velositi yake ya wastani, yaani displesimenti ukiigawa kwa muda, ni sifuri. Rekodi ya dunia, velositi sifuri. Watu wakisikia hivyo wanaona fizikia ni ya kipuuzi, ila sio upuuzi, ni maswali mawili tofauti. Moja linauliza miguu imefanya kazi kiasi gani, lingine linauliza umehama umefika wapi. Kiswahili chetu cha kila siku kinasema tu kasi, mwendo, spidi, na yote yanaangukia upande wa skala, kwa hiyo mtu anaingia darasani hana hata neno la kutundikia wazo la pili.

Au angalia Dunia yenyewe. Inalizunguka Jua kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde, na kasi hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Kwa jicho la skala hakuna kinachotokea. Kwa jicho la vekta, miezi sita kutoka leo tutakuwa tunaenda upande wa pili kabisa, kwa hiyo velositi itakuwa imebadilika kwa kilomita 60 kwa sekunde. Badiliko hilo halikuja bure, kuna mvuto wa Jua unavuta kila dakika, ndo unaoleta mchapuko, yaani velositi kubadilika kadiri muda unavyokwenda, na mchapuko huo upo japo spidi imetulia. Ukimwambia mtu kwamba gari linalokata kona kwa spidi isiyobadilika lina mchapuko anakataa kabisa, kwa sababu kichwani mwake mchapuko ni kukanyaga mafuta. Na mwili wake mwenyewe umesukumwa mpaka kwenye mlango pale kwenye kona!

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kamba ya kuanikia nguo. Una mzigo wa nyutoni 100, kama kilo 10 hivi za nguo mbichi, unaning'inia katikati ya kamba. Anayefikiri kwa skala anasema mzigo ni 100, pande ni mbili, kila upande unabeba 50, nanunua kamba ya kubeba 60 na nimejiwekea akiba. Jioni anaokota nguo chini. Kwa sababu zile 50 ni za kwenda juu tu, na kamba haivuti kwenda juu, inavuta kwa mshazari. Kamba ikilegea ikafanya nyuzi 30 na mlalo, kila upande unavutwa kwa nyutoni 100. Akiona imelegea akaikaza mpaka nyuzi 5, ni zaidi ya nyutoni 570. Akitaka iwe nzuri zaidi, nyuzi 1, ni karibu 2,900, kila upande, kwa kilo 10 za nguo. Na akitaka inyooke kabisa kabisa atahitaji nguvu isiyo na mwisho, kwa hiyo haiwezekani, kamba yenye mzigo lazima ibonyee. Nguvu yote hiyo ya ziada inaenda wapi? Inavuta ukuta na ukuta, kushoto na kulia, zinafutana zenyewe kwa zenyewe, na kwenye hesabu ya skala hazionekani kabisa. Msumari ndo unazijua.

Upande wa hesabu tupu mambo yanageuka tena, na hapa ile sentensi ya kukariri inakufa kabisa. Kwa mwanahisabati, tangu Giuseppe Peano alipoweka masharti yake mwaka 1888, vekta ni chochote kinachoweza kujumlishwa na mwenzake na kuzidishwa na skala kwa kufuata sheria fulani chache. Basi. Hakuna mshale. Polinomia, kama x² + 3x, ni vekta, fanksheni ni vekta, orodha ya namba mia tatu ni vekta. Polinomia inaelekea wapi, kaskazini? Wala urefu haulazimiki, nafasi ya vekta inaweza kuwepo bila kipimo chochote cha urefu wala pembe, hivyo ni vitu unaviongezea baadaye ukivihitaji. Angalia hapo, ukubwa umeondoka, mwelekeo umeondoka, na vekta bado ni vekta. Kilichobaki ni kujumlisha na kuzidisha kwa skala. Programu za kompyuta zinazochakata lugha zinageuza kila neno kuwa orodha ya mamia ya namba, halafu zinatoa na kujumlisha maneno kama mishale, na maneno yenye maana za karibu yanajikuta yameelekea upande mmoja. Hamilton na zile sehemu zake tatu sijui angesema nini.

Najua mwanafunzi anayesoma hapa ana swali moja tu, kwenye mtihani niandike nini? Andika ileile, ukubwa na mwelekeo, usigombane na msahihishaji. Ila ongeza maneno machache nyuma yake: na hujumlishwa kwa kanuni ya msambamba. Vitabu vingi vizuri vinayo hayo maneno, yapo palepale mwisho wa mstari, sehemu ambayo mwalimu akisomesha imla huwa ameshakata pumzi. Na wakikuuliza kuhusu mkondo wa umeme, sema ni skala, halafu kama nafasi ipo waambie kwamba kuna ndugu yake, msongamano wa mkondo, ampea kwa kila mita ya mraba, huyo anajua chaji inaelekea wapi katika kila nukta ya waya, na huyo ni vekta kweli. Mkondo wenyewe unaupata ukihesabu ni kiasi gani cha ndugu huyo kinapenya kwenye uso wa waya uliokatwa, na hesabu hiyo ikiisha mwelekeo unakuwa umeshatumika wote.